JE, BOMU LA ATOMIKI LAWEZA KUTULINDIA AMANI?

Mafundisho kutoka ng'ambo ya Mto Ruvuma

Watu wa Songea hawana haja ya kusafiri mbali ili wajue maana ya vita vya kutumwa. Ukitoka mjini kuelekea kusini, ukapita Muhukuru mpaka Mkenda, utafika Mto Ruvuma. Ng'ambo yake ni Msumbiji, jimbo la Niassa. Tangu mwaka 1964 hadi mwaka 1992 nchi ile ya jirani zetu ilipata raha ya miaka michache tu. Kwanza vita ya kumwondoa Mreno, kisha vita iliyolipiwa na serikali za kigeni. Wakimbizi waliovuka mto wakiwa na watoto mgongoni walipokelewa katika vijiji vyetu, na wengi wa wazee wetu wanawakumbuka.

Siku hizi redio hutuletea habari za nchi zinazoshitakiana kwamba moja huwalipa wauaji wavuke mpaka wa nyingine, na papo hapo nchi hizo hizo zina mabomu ya atomiki ghalani. Vijana husikia, kisha huuliza nyumbani: Je, serikali inayomtuma muuaji kwa siri inapigana vita, au inafanya ugaidi? Na je, lile bomu kubwa huzuia mambo hayo? Maswali haya si ya wakubwa wa dunia peke yao. Yafaa baba na mama wawe na jibu.

MANENO MAWILI YAELEWEKE KWANZA

Gaidi ni mtu auaye au kutisha watu wasio na silaha ili kwa hofu yao apate jambo analolitaka. Serikali hufadhili ugaidi inapompa mtu wa namna hiyo fedha, bunduki, mafunzo au mahali pa kujificha, kisha ikiulizwa hukana na kusema, "Sisi hatumjui." Ni sawa na mtu anayemlipa mwizi aibe kwa jirani, naye mwenyewe hukaa barazani akisalimia wapita njia.

Neno la pili ni amani ya kutishana. Nchi moja husema, "Ukinigusa, nitateketeza miji yako." Ya pili hujibu vivyo hivyo. Basi kila moja hukaa kimya kwa kuiogopa nyingine. Wanaoipenda njia hii husema kwamba dawa ya moto ni moto.

Bomu la atomiki limetumika vitani mara mbili tu: Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, na Nagasaki tarehe 9 Agosti mwaka ule ule. Inakadiriwa kwamba kufika mwisho wa mwaka huo watu kama 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima na kama 70,000 Nagasaki. Bomu la Nagasaki lilipasuka karibu na kanisa kuu la Urakami, katika mtaa wa Wakatoliki wa kale wa Japani, ambao mababu zao walikuwa wameitunza imani kwa siri miaka zaidi ya 200. Tena tusidhani Afrika ilikuwa mbali na jambo hilo. Sehemu kubwa ya madini ya urani yaliyotumiwa na Wamarekani katika kazi ile ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji, kwa mikono ya Wakongo ambao hawakuambiwa yanakwenda kufanya kazi gani.

VITA VYA KUTUMWA

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Jirani zake wawili, Rodesia ya Ian Smith na Afrika Kusini ya Makaburu, hawakufurahi, kwa kuwa serikali mpya ya Samora Machel iliwapa nafasi wapigania uhuru wa nchi hizo. Basi idara ya ujasusi ya Rodesia ikaunda kikundi cha wapiganaji kilichokuja kuitwa RENAMO. Rodesia ilipokuwa Zimbabwe mwezi Aprili 1980, baba wa kambo alikuwa tayari: jeshi la Afrika Kusini likakichukua kikundi hicho, likakipa silaha, mafunzo na vyombo vya redio.

Yaliyofuata yanajulikana. Shule na zahanati zilichomwa moto. Reli zilibomolewa. Watoto walitekwa wakalazimishwa kubeba bunduki. Watu walikatwa masikio na midomo ili wanakijiji wengine wakiwaona waingiwe na hofu. Tarehe 18 Julai 1987 huko Homoíne, katika jimbo la Inhambane, watu zaidi ya 400 waliuawa, hata wagonjwa waliokuwa hospitalini. Serikali ya Msumbiji iliishitaki RENAMO, nayo ilikana. Inakadiriwa kwamba vita vile, pamoja na njaa na maradhi vilivyoleta, viliua watu karibu milioni 1. Mamilioni wengine walikimbia makwao.

Sisi nasi tulitoa sehemu yetu. Kati ya mwaka 1986 na 1988 askari wa Tanzania walikuwa Msumbiji, katika jimbo la Zambezia, kusaidia kuzuia maangamizi hayo. Wako ambao hawakurudi hai. Makaburi ya mashujaa ya Naliendele, Mtwara, ni ushahidi wa damu ya Watanzania iliyomwagika kwa ajili ya nchi ile.

Ni haki pia kusema upande wa pili wa habari. Serikali ya Msumbiji yenyewe ilikuwa imekosea mambo. Ilitaifisha shule na hospitali za misioni, ilifunga makanisa kadha wa kadha, iliwadharau wazee wa jadi, na iliwahamisha watu kwa nguvu kwenda vijiji vya pamoja. Hivyo kiberiti kilitoka nje, lakini kuni zilikuwa zimekwisha kukauka ndani. Tukitaka kuwa wakweli hatuna budi kuyataja yote mawili.

KABURU NA MABOMU YAKE SITA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Wakati ule ule Makaburu walipokuwa wakiwafadhili wauaji katika Msumbiji, walikuwa pia wakitengeneza mabomu ya atomiki kwa siri. Mwaka 1977 mitambo ya angani ya Warusi iligundua mahali palipochimbwa mashimo ya majaribio katika jangwa la Kalahari, na mataifa makubwa yakapiga kelele. Majaribio yakaachwa, lakini kazi iliendelea. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Afrika Kusini ilikuwa na mabomu 6 kamili, na la 7 lilikuwa linatengenezwa. Ulimwengu haukuambiwa wazi mpaka tarehe 24 Machi 1993, siku Rais F. W. de Klerk alipolitangazia Bunge kwamba mabomu yote yamekwisha kuvunjwa.

Yafaa tujiulize: mabomu yale yaliwafaa nini wenyewe? Yalishindwa kuwazuia wananchi wa Soweto wasiandamane. Katika Angola askari wa Kuba, ambao kufika mwaka 1988 walikuwa karibu 50,000, hawakuyaogopa. Uhuru wa Namibia ulifika mwezi Machi 1990 pamoja na kuwapo kwa mabomu hayo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na fimbo iliyo kubwa kuliko nyumba haiwezi kuua nyoka aliye ndani ya nyumba. Hofu kubwa ya Makaburu ilikuwa haki ya watu waliowanyima haki, na kwa hofu ya namna hiyo hakuna bomu lililo dawa.

Hatusemi kwamba bomu ndilo lililozaa RENAMO. Rodesia iliyoianzisha haikuwa na bomu la atomiki hata moja. Twasema jambo dogo kuliko hilo, nalo ni la hakika: serikali iliyokuwa na bomu kubwa haikuliona linatosha. Iliendelea kutafuta panga la kukodi kwa ajili ya kazi ya kila siku.

HOJA YA WANAOLITETEA BOMU

Tuwasikilize kwanza, maana hukumu bila kusikiliza si haki. Wao husema hivi: Tangu 1945 mataifa makubwa hayajapigana vita kubwa ya ana kwa ana. Marekani na Urusi walichukiana miaka mingi, wala hawakurushiana mabomu. Je, si hofu iliyowazuia?

Hoja hii ina uzito, wala mtu mwenye akili hawezi kuitupa tu. Hofu huzuia. Hata mtoto huacha kuiba sukari akimwona mama. Lakini tuangalie mambo mawili.

La kwanza: Vita iliyozuiwa Ulaya haikufa. Ilihamia kwa wengine. Wakubwa waliogopa kupigana wao kwa wao, basi wakatafuta watu wa kupigana kwa niaba yao huko Angola, Msumbiji, Afganistani na kwingineko. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Safari hii tembo walikaa mbali kabisa, wakalipa wengine wakanyage nyasi.

Mfano ulio karibu na siku zetu ni Uhindi na Pakistani. Nchi zote mbili zilifanya majaribio ya mabomu ya atomiki mwezi Mei 1998. Wengi walidhani sasa zitaheshimiana. Mwaka uliofuata zilipigana katika milima ya Kargil. Mwezi Novemba 2008 magaidi waliotoka Pakistani waliua watu 166 mjini Mumbai. Mwezi Aprili 2025 watu 26 waliuawa Pahalgam, Kashmir, na mwezi Mei nchi hizo zilishambuliana kwa ndege na makombora siku 4. Uhindi huishitaki Pakistani kwamba huwafadhili wauaji hao. Pakistani hukana, na yenyewe huishitaki Uhindi kwa mambo ya namna hiyo. Hatuwezi kuwa mahakimu wao. Lakini jambo moja liko wazi: mabomu zaidi ya 100 kila upande hayakuzuia damu isimwagike. Yamefanya tu kila ugomvi mdogo uwe na hatari ya kugeuka kuwa mwisho wa miji mizima.

La pili: Kutishana hutegemea kwamba kila mtawala atakuwa na akili timamu kila siku, na kwamba mitambo haitakosea hata mara moja. Mlango ambao hauna budi kufungwa sawasawa kila usiku kwa miaka yote, siku moja utasahauliwa. Katika mambo mengine kosa hurekebishwa. Katika jambo hili hapatakuwa na mtu wa kulirekebisha.

JE, SISI NASI TULIFADHILI MAGAIDI?

Hapa mtu mmoja atasimama barazani na kuuliza swali gumu: "Serikali yetu iliwapokea FRELIMO. Chama hicho kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Walifanya mazoezi Kongwa na Nachingwea. Walivuka Ruvuma na bunduki. Mreno aliwaita magaidi. Tofauti yetu na Kaburu iko wapi?"

Swali ni zuri, wala lisijibiwe kwa hasira. Kumwita mtu gaidi hakumfanyi kuwa gaidi. Wajerumani waliwaita wazee wetu wa Majimaji waasi na wahalifu, wakawanyonga hapa Songea tarehe 27 Februari 1906, na Nduna Songea Mbano naye wakamnyonga. Kisha walichoma ghala na mashamba ili njaa imalize kazi ya bunduki. Wanahistoria hukadiria kwamba katika vita vya Majimaji walikufa watu kati ya 75,000 na 300,000, na walio wengi waliuawa na njaa. Huo ulikuwa ugaidi, nao ulifanywa na serikali iliyovaa sare na kuandika amri kwa mhuri.

Hata hivyo tusijifiche. Katika vita vile vile, mwezi Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili, watu wasiokuwa askari. Haki ya wapigania uhuru haikufanya kitendo hicho kiwe halali.

Basi kipimo ni hiki: usitazame jina ambalo mtu amepewa na adui yake. Tazama anampiga nani. Apiganaye na askari wa mkoloni ili nchi yake iwe huru, yaweza kuwa ana haki. Achomaye zahanati na kukata midomo ya wanakijiji hana haki, hata akisema anapigania nini. Kipimo hicho humkamata kila mtu. Kilimkamata Mreno tarehe 16 Desemba 1972, askari wake walipoua watu karibu 400 katika vijiji vya Wiriyamu, Tete. Waliokusanya habari na majina ya waliouawa walikuwa mapadre wamisionari, na Padre Adrian Hastings ndiye aliyeifikisha habari hiyo katika gazeti la The Times la London mwezi Julai 1973. Dar es Salaam penyewe, tarehe 3 Februari 1969, Dakta Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa na bomu lililofichwa ndani ya kitabu kilicholetwa kwa posta. Sifa za kutuma kitabu kile huelekezwa kwa polisi ya siri ya Wareno.

Kipimo hicho hulikamata hata bomu la atomiki. Kwa maana bomu hilo humpiga nani? Haliwezi kuchagua askari na kumwacha mama anayenyonyesha. Nguvu yake yote ni kutisha kwamba wasio na hatia watateketezwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulisema wazi kwamba kitendo chochote cha vita kinacholenga kuangamiza miji mizima pamoja na wakazi wake ni kosa la jinai mbele ya Mungu na mbele ya wanadamu. Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika waraka wake wa Aprili 1963 juu ya amani duniani, alitaka silaha hizo zipigwe marufuku. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, alipokuwa Hiroshima tarehe 24 Novemba 2019, alifundisha kwamba si kulitumia tu, bali hata kuwa nalo bomu hilo ni kinyume cha maadili.

URANI YA NAMTUMBO

Jambo hili limefika hata mlangoni petu. Katika wilaya ya Namtumbo, karibu na Mto Mkuju, kuna madini ya urani. Mwaka 2012 mpaka wa hifadhi ya Selous ulirekebishwa ili kutoa nafasi ya mgodi, na mwaka 2025 kiwanda cha majaribio kilizinduliwa. Kampuni inayohusika iko chini ya shirika la nyuklia la serikali ya Urusi.

Tusiwatie watu hofu ya bure. Urani itokayo ardhini si bomu. Katika kila sehemu 1,000 za urani ya asili, ni sehemu 7 tu za aina ile iwezayo kuwaka. Kwa mitambo mingi ya umeme hukuzwa hadi kufika sehemu 30 hadi 50. Kwa bomu hukuzwa hadi karibu 900. Kazi hiyo huhitaji mitambo mikubwa ambayo hatuna. Tena Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa sahihi mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009, unaokataza silaha za atomiki katika bara zima la Afrika. Pelindaba ni mahali pale pale Makaburu walipofanyia kazi zao za nyuklia. Mahali pa aibu pamekuwa jina la ahadi njema.

Lakini watu wa Katanga hawakuulizwa, wala wao hawakuuliza. Sisi tuko huru kuuliza. Mzigo unakwenda wapi? Nani anaukagua? Maji ya mito yetu yanapimwa na nani? Haya si maswali ya uasi. Ni maswali ya mtu anayelinda nyumba yake.

AMANI ILIPATIKANAJE?

Msumbiji ilijaribu kwanza njia ya mkataba wa wakubwa. Tarehe 16 Machi 1984, huko Nkomati, Samora Machel na P. W. Botha waliahidiana kwamba hakuna atakayewasaidia maadui wa mwenzake. Mwaka 1985 kambi kuu ya RENAMO katika Gorongosa ilipotekwa, zilipatikana karatasi zilizoonyesha kwamba msaada wa Kaburu uliendelea. Ahadi ya mfadhili mwongo ni kama maji katika pakacha.

Maaskofu wa Msumbiji walikuwa wameandika barua za kichungaji wakiomba ndugu wazungumze na ndugu. Walitukanwa, wakaitwa wasaliti, hawakuacha. Mwaka 1988 Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira alisafiri kwa siri hadi msituni akakutana na Afonso Dhlakama, kiongozi wa RENAMO. Wote wawili walikuwa Wandau, wakaelewana kwa lugha ya mama zao. Mwezi Julai 1990 mazungumzo yalianza Roma, katika nyumba ya jumuiya ya Mtakatifu Egidio. Yalichukua miaka 2 na miezi. Tarehe 4 Oktoba 1992, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, Rais Joaquim Chissano na Dhlakama walitia sahihi.

Tuutazame mpango wenyewe. Mfadhili alikuwa amedhoofika, kwa maana utawala wa Makaburu ulikuwa unakufa. Ukame na njaa vilikuwa vimewachosha wapiganaji wote. Malalamiko ya kweli ya watu yalisikilizwa, na RENAMO ikawa chama cha siasa. Ugomvi ulizuka tena baada ya mwaka 2013, ukatulizwa kwa mapatano ya Agosti 2019, na kambi ya mwisho ya wapiganaji ilifungwa mwezi Juni 2023. Amani ile ina makovu, lakini ilijengwa na watu waliokubali kuketi na adui.

YATUPASAYO SISI

Tangu Oktoba 2017 kuna vita nyingine katika Cabo Delgado, na mwezi Oktoba 2020 wauaji walivuka mto wakashambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Tusikimbilie kusema kwamba kila muuaji ametumwa na serikali fulani. Kikundi hicho hujiita cha dini, hali vijana wengi walikifuata kwa ufukara na kukata tamaa. Waislamu wema wameuawa nacho pamoja na Wakristo. Anayewachukia jirani zake Waislamu kwa sababu hiyo humfanyia gaidi kazi yake bila mshahara.

Basi, wazazi, tufanye mambo haya yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kijana akiahidiwa fedha nyingi kwa kazi isiyotajwa jina, azuiwe, na serikali ya kijiji iarifiwe. Mkimbizi akivuka mto, apokewe kama walivyopokewa wa zamani, tena aandikishwe kwa utaratibu. Habari ya uvumi isipelekwe mbele kabla ya kuulizwa. Na malalamiko ya watu wetu wenyewe, ya ardhi, ya mazao, ya haki iliyocheleweshwa, yasikilizwe mapema barazani kabla hayajawa kuni kavu za kungojea kiberiti cha mgeni.

Amani ya kutishana huwaacha wawili wakiwa macho usiku kucha, kila mmoja ameshika panga mlangoni. Huenda asubuhi wakawa hai wote wawili, lakini hakuna aliyelala, na watoto wao wamejifunza kuogopa. Baba mwenye busara humtafuta jirani yake mchana, wakaketi pamoja na wazee, wakamaliza neno lililowagombanisha. Hata wakubwa wa dunia hawana njia nyingine iliyo fupi kuliko hiyo.